Chiriku na Bunduki ya Silikoni

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku aliosha vyombo, akafagia sebule, kisha akapiga deki korido. Jumamosi hii alipiga deki mara tatu, na mara zote tatu maji yalirudi. Yalipenya kwenye ufa kati ya sinki la bafuni na ukuta, yakatambaa mpaka koridoni.

"Bibi yako anatoka hospitali kesho mchana," Shangazi alisema. "Nyonga yake ndiyo kwanza inaunga. Akiteleza hapa, tumekwisha! Silikoni ya kuzibia ninayo, ila bunduki ya kuisukumia imevunjika. Nenda dukani ukachague nyingine. Usiangalie rangi. Ijaribu kwa mkono wako, uone kama ukiachia, nayo inaacha."

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Njiani alikutana na rafiki zake wawili, stori zikanoga. Alipokumbuka alikotumwa, saa nzima ilikuwa imekwisha. Akaingia dukani akihema. Mama mwenye duka alimwekea ubao na tyubu ya silikoni iliyofunguliwa ya kujaribia bunduki, kama alivyomfanyia kila mteja.

"Jaribu kwanza, mwanangu."

"Hakuna haja, Mama. Nipe ile ya njano."

Nyumbani Shangazi aliuliza, "Umeijaribu?"

"Nimeijaribu." Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

Shangazi akapiga magoti bafuni. Silikoni ilitoka kwa kurukaruka, mara nyembamba, mara bonge. Alipoachia kifyatuo, yenyewe iliendelea tu kumwagika, ikachafua sinki, sakafu na gauni lake.

"Amekuona mtoto, akakuuzia takataka!" Shangazi aliwaka. "Twende. Leo atanijua!"

Alichukua ile bunduki, akamshika Chiriku mkono, wakatoka mbio mbio. Chiriku alikokota miguu akiwaza. Akisema kweli, amekwisha. Akinyamaza, mama wa watu atasingiziwa. Alitafuta uongo mwingine wa kumtoa, akakosa, na kila kona waliyokata ilimsogeza karibu na duka.

Shangazi hakusubiri hata salamu. "Huoni haya kumdanganya mtoto na kumuuzia bunduki mbovu?" alifoka mbele ya wateja.

Mama mwenye duka alishangaa. "Dada, mimi kila mteja humpa ubao ajaribu. Binti, wewe sikukupa?"

Chiriku aliangalia viatu vyake.

Yule mama akashusha pumzi. "Basi labda nilisahau. Nisameheni. Siku hizi nasahau mambo."

"Mama, umezeeka, uza duka!" mteja mmoja alisema, wengine wakacheka.

Chiriku alikuwa amenusurika. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Lakini alimwona yule mama akijishika kichwa, kweli akijitilia shaka.

"Hukusahau, Mama," alisema huku akilia. "Ulinipa ubao, nikakataa. Nilichelewa kwa kupiga stori, kisha nikamdanganya Shangazi."

Kicheko kikakatika. Shangazi akainama na kumwomba mama radhi mbele ya watu wale wale. Kumwona Shangazi akiinama hivyo kulimuuma Chiriku kuliko kiboko.

Mama mwenye duka alikubali kuibadilisha bunduki, akauleta tena ubao. "Njoo ujifunze. Bunduki yenye fimbo ya meno husukuma silikoni kwa kurukaruka. Yenye fimbo laini husukuma taratibu. Na hapa nyuma kuna kibonyezo cha dole gumba. Ukikibonyeza, fimbo inalegea, silikoni inakoma."

Chiriku alijaribu nne. Aliyoichagua ilikuwa ya kijivu, haivutii kwa sura wala umbo, lakini ilichora mstari ulionyooka na ilipoambiwa iache, iliacha. Kabla ya saa sita ufa ulikuwa umezibwa, na silikoni ikaachwa ikauke mpaka kesho yake.

Jumapili Bibi alitembea koridoni akiegemea mkongojo, akaenda bafuni na kurudi, wala hakujua kwamba pamewahi kuvuja. Shangazi alimvuta Chiriku jikoni.

"Bunduki mbaya tumeirudisha, tukapewa nyingine," alimwambia kwa upole. "Lakini yule mama angelala jana akiamini akili yake inapotea, tungempa nini badala yake? Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utagombezwa. Uongo uliutunga wewe, na aliyechekwa ni yeye."