Fulana ya Njano

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia kwa mama yake mdogo, fundi cherehani aliyekuwa na chumba kidogo cha kushonea karibu na nyumbani kwao. Aliokota vipande vya nguo sakafuni, akapanga nyuzi, huku akiongea bila kituo. Kaka yake ndiye aliyempachika jina hilo la Chiriku, nalo likamganda.

Kaka huyo hakuwepo tena. Aliugua ghafla, akalazwa, na hakurudi nyumbani. Aliacha fulana nyingi, maana shati hakulipenda kabisa. Mama yao alizifua, akazipeleka kwa mdogo wake, akaomba zishonwe ziwe blanketi moja la viraka.

Mama mdogo alimweleza dada yake kuwa fulana huvutika, ndiyo maana mafundi wengi hubandika kitambaa kigumu kwa nyuma kwa pasi ili zitulie chini ya sindano. Mama alikataa. Alizitaka laini, kama zilivyokuwa mwilini mwa mwanawe.

"Basi tutashona polepole," mama mdogo akasema.

Alizikata fulana, akatandaza viraka juu ya blanketi jepesi, akavipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kushikiza tu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha akamfundisha Chiriku kushona mistari kwa cherehani: mishono iwe mirefu kidogo, mikono iongoze tu, isivute. Chiriku alijaribu, akasifiwa, na kichwa kikamvimba kidogo.

Ilibaki fulana ya njano, ile ambayo kaka yake aliivaa kila alipocheza mpira. Mama mdogo alipoitwa na mteja, alimwonya Chiriku asiiguse, kwani ilikuwa haijapigwa bandi. Lakini Chiriku alitaka mama yake akija jioni aikute tayari.

Akaiweka chini ya sindano. Kitambaa kikajikusanya mbele, naye akakivuta kwa nyuma. Kikarefuka, kikawa mawimbi matupu. Alipojaribu kufumua kwa mkasi, mkono ukateleza, fulana ikatoboka kifuani. Aliitazama, akaikunja na kuisukuma chini kabisa ya gunia la vipande.

Mama mdogo alipoiulizia, Chiriku alijibu kwamba aliikimbiza nyumbani, akaiacha kabatini.

Jioni ile mama alipekua kabati, akainua godoro, akauliza hata kwa majirani. Mwishowe akaketi sakafuni. "Nadhani niliitupa na nguo zake za hospitali nilizochoma leo shimoni," alimwambia mdogo wake. "Nimeitupa kwa mikono yangu mwenyewe." Chakula hakukigusa. Chiriku naye alijifunika shuka mapema, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa na majonzi.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni, alimkuta mama ameinama kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, akichokoachokoa kwa kijiti. Majivu yalikuwa yamemjaa mikononi. Chiriku akageuka, akakimbia hadi chumba cha kushonea, akarudi na fulana kifuani. Mama mdogo alimfuata nyuma.

"Hukuitupa, mama," alisema. "Niliitoboa mimi, nikaificha. Nisamehe."

Mama alijifuta majivu, akaipokea, akaikandamiza usoni. Akalia kama Chiriku hajawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi. Hakugomba, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kuchapwa.

Mama mdogo aliifumua mishono, akailaza fulana bila kuivuta, akaipiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu. Tundu alilitia kiraka kilichokatwa kwenye mkono wa fulana hiyohiyo. Baada ya kuipiga bandi, alimkalisha Chiriku kwenye cherehani. Safari hii Chiriku hakuharakisha. Mawimbi mengine yalilala, mengine yakakataa.

Blanketi lilipokwisha, mama mdogo alilikunja, akamtazama binti wa dada yake.

"Mwanangu, nguo ikiharibika tunakaa chini tunaifumua," alisema. "Lakini machungu ya mama yako pale shimoni hakuna fundi wa kuyafumua. Kukosea ni kwa kila mtu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalibeba kosa lako."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Mama alilitandaza blanketi magotini, akapapasa mpaka vidole vikafika penye kiraka cha njano. Akaviacha hapo, na kwa mkono wa pili akamvuta binti yake karibu.