Tablo Jipya la Jenereta ya Yassini

Kila asubuhi Amina alifungua friza zake mbili na kupanga samaki waliotoka Kyavinyonge, kando ya ziwa. Mumewe Yassini alizunguka nyuma ya nyumba kuwasha jenereta, ile ambayo watu wa Beni, mashariki mwa Kongo, huiita grupu. Haikuwa na kitufe cha kuwashia. Yassini alishika nyaya mbili, akazigusanisha, cheche zikaruka, injini ikanguruma.

"Baba Musafiri, siku moja ile moto itakukamata," Amina alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mi niliendesha Fuso myaka mingi. Moteri inanijua."

Maneno hayo hayakumtuliza Amina. Yassini alikuwa dereva wa lori, na barabara ilikuwa imemchukua mdogo wake. Watu wenye bunduki walimvizia akisafirisha maharagwe. Baada ya msiba, Amina alimsihi mumewe auze lori. Kwa fedha hizo walinunua grupu kuukuu ya jeshi la nchi ya mbali, iliyouzwa kwenye mnada. Amina alijua jambo moja, nalo lilimnyima raha: grupu ikifa, Yassini atarudi barabarani.

Grupu ilifika ikiwa na rangi ya kijani ya jeshi. Tablo lake, yaani kisanduku cha vipimo na vitufe, lilijaa maandishi ya kijeshi. Nani Beni anataka kitu cha namna hiyo uani kwake? Askari akikiona atauliza umekitoa wapi. Mwenye bunduki wa porini akikiona atakitamani. Basi Yassini akapaka grupu nzima rangi ya buluu. Tablo hakulipaka. Alilifungua lote, akawapa mafundi wanaoyeyusha vyuma kutengeneza sufuria. Kisha akaunganisha nyaya moja kwa moja, akajiona fundi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi siku moja ya soko. Friza zilikuwa zimejaa, na jirani yao msaga muhogo akaomba kuunganisha kinu chake cha umeme. Grupu ikalemewa. Yassini akafanya anachofanya kila dereva akiuona mlima wa Alimbongo: akaongeza gaz ili injini izunguke kasi. Injini ikapata nguvu. Jirani alipozima kinu, mzigo ukapungua ghafla na umeme ukapanda. Friza moja ikatoa moshi, ikanyamaza.

Amina aligawa samaki kwa majirani huku machozi yanamtoka. Yassini alichomoa waya wa friza iliyoungua.

"Kuko patron moja anatafuta chauffeur wa kwenda Kasindi," akasema. Alikuwa tayari kurudi barabarani na lori la tajiri huyo.

Amina alichukua simu, akampigia Nadège, fundi umeme wa Butembo anayefundisha pia shule ya ufundi.

Nadège alifika kesho yake kwa pikipiki. Akainama, akaizunguka grupu.

"Papa Yassini, tablo iko wapi?"

"Niliipana kwa bale ba sufuria."

"Weee! Basi leo kuko mama anapikia ndani yake sombe!"

Hata Yassini alicheka akiiwaza sufuria hiyo ya kisamvu. Lakini Nadège hakucheka kwa muda mrefu.

"Hii moteri haina macho. Mafuta ikimwangika, nani atakuambia? Maji ikichemuka, nani atazima? Na ile mambo ya gaz, ni ya lori. Grupu inapashwa kuzunguka mwendo moja tu. Ukiongeza mwendo, courant inapanda, frigo inaungua."

"Basi tutafute tablo ingine ya jeshi," alisema Amina.

"Mama Amina, ile ni bei kali, na hapa hautaipata. Na ya nini? Jeshi iliweka mule mataa ya kujificha na adui. Weye unauzisha samaki. Tutatengeneza yetu, ya kazi yetu." Akamgeukia Yassini. "Fuso yako ilikuwa na batri ngapi?"

"Mbili. Vingt-quatre volts."

"Na hii grupu?"

Yassini akatazama chini. Batri mbili, volti ishirini na nne vilevile. "Kumbe ni sawa na lori! Donc vipimo vya lori vitaingia?"

"Vitaingia. Na nani anajua maduka ya vipuri vya lori kuliko weye?"

Yassini akanyooka mgongo. Kwa siku nyingi Amina hakuwa amemwona hivyo.

Walikwenda Butembo pamoja. Yassini alichagua kipimo cha mafuta ya kulainisha injini, kipimo cha joto la maji na swichi za lori, vyote vya mtumba lakini vizima. Nadège alinunua kipimo cha umeme na disjoncteur, kile kifaa kinachokata umeme mzigo ukizidi.

"Hii ya kukata courant, hapana kununua ya okazi," alionya alipomwona Yassini akishika cha mtumba. "Hii ndiyo inalinda nyumba."

Mchomeleaji akatengeneza sanduku lenye matundu ya hewa. Yassini alitaka lifungwe moja kwa moja juu ya grupu. Nadège akakataa, kwani mtikisiko ungelegeza nyaya. Wakakata vipande vya tairi kuukuu, wakaviweka kati ya sanduku na grupu ili vipunguze mtikisiko. Nadège akachimbia chuma kirefu ardhini na kukiunganisha na grupu kwa waya, ili umeme ukivuja uende ardhini, si mwilini mwa mtu. Akaweka kitufe chekundu cha kuzimia, taa ya kuonya, na swichi ya kuzima injini yenyewe mafuta yakipungua, kisha akawafundisha wote wawili.

"Washa, acha ipate moto kwanza. Angalia mshale: courant ifike karibu mia mbili na makumi mbili. Kisha ingiza frigo moja, halafu ya pili. Ya kuzima, toa mizigo kwanza."

"Wasingya," Yassini alimshukuru kwa Kinande, lugha ya Butembo, na Nadège akafurahi.

Friza ikatengenezwa, kazi ikarudi. Kisha mchana mmoja, wateja wamejaa, grupu ikazimika yenyewe. Taa nyekundu ikawaka kwenye tablo. Yassini akawasha tena. Ikazimika tena.

"Tablo ya Nadège imekufa! Nitapitisha waya pembeni." Tayari alikuwa ameshika waya wa kuliruka tablo.

Amina akasimama mbele ya sanduku. "Hapana. Ile ni taa ya mafuta. Tuangalie mafuta kwanza."

"Samaki itaoza!"

"Ioze! Hii moteri ikikufa, utarudia njiani, na mi sitaki kukuzika."

Yassini akashusha waya. Akapiga magoti, akachungulia chini ya injini. Mpira wa kupitishia mafuta ya injini ulikuwa umepasuka, na mafuta yametapakaa ardhini. Kama angepitisha waya, injini ingekwama na kufa kabisa.

Walinunua mpira mpya na mafuta, na grupu ikanguruma kabla barafu haijayeyuka. Jirani msaga muhogo, aliyeona yote, akaomba namba ya Nadège.

Yassini naye akampigia simu yule tajiri wa lori. "Patron, tafuta chauffeur mwingine. Mi niko na kazi hapa kwangu."

Amina alisikia kila neno. Akageukia friza ili wateja wasione machozi yake, akaendelea kuwapimia samaki.