Shahidi Aliyesikia Kingurumo

Trekta kubwa la shamba la karanga, Kongwa, lilikohoa mara mbili likazimika, saa moja asubuhi, mwaka 1949. Fundi alipofungua tangi la mafuta alikuta mchanga, tena mweupe, na Kongwa yote ni nyekundu mpaka mikia ya mbuzi.

Kufikia saa tatu Sajenti Elieza wa polisi alikuwa amesimama mbele ya dereva wa trekta hilo, Sila, mwenye pingu mikononi.

"Bwana Meneja anasema mna lugha ya njama."

"Ya kazi, afande," Sila akajibu, kidevu juu. "Matrekta haya yakinguruma, kanga wa porini wanataga kabla ya siku zao. Utasikia nini? Sisi Wagogo, Wakaguru, Wahehe, tukatunga yetu: Kingurumo. Majina ya vitu tunayapigia kelele. Tangi ni gu, mchanga ni she. Vitendo ni mikono. Hivi, mimina. Ukirusha mkono nyuma ya bega, umemimina jana. Ukiusukuma mbele, utamimina kesho."

"Na injini zikizimwa?"

"Vilevile. Hata nyumbani, mke wangu analalamika."

Elieza akajikuta anamimina hewani. Mgogo mwenzake ametunga kitu kama hiki, halafu kiishie jela pamoja naye! Lakini shahidi alikuwepo: Bartolomayo, mtunza stoo. Elieza akamfuata stoo, Sila na Meneja nyuma yake.

"Jana jioni nilikuwa humu, mlango nimefunga," alisema Bartolomayo. "Sila yuko nje ya ukuta wa bati na mwenzake. Akamwambia kwa Kingurumo: mimina mchanga kwenye tangi."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona. Nilisikia, neno kwa neno."

"Hebu sema alivyosema."

"She. Gu."

"Huo mchanga, hilo tangi. Kumimina kuko wapi?"

"She! Gu!" Bartolomayo akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kumimina ni mkono huu, bwana. Umeusikiaje kupitia bati?"

Elieza akageukia ndoo za kuzimia moto, zilizojaa mchanga mweupe wa mtoni. Moja ilikuwa nusu.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi... mimi tu." Kisha akalipuka. "Mwaka mzima nawaomba wanifundishe! Wananiambia ni lugha ya wanaoendesha. Wanapita hapa wanacheka, sijui wananicheka nini. Nikasema Sila akienda jela, na lugha yake itakwenda. Ile mikono nilidhani ni madaha tu!"

Pingu zikahama.

Meneja, uso mwekundu kuliko barabara, akamtazama Sila. "Nataka kukuomba radhi. Kwa Kingurumo inafanywaje?"

"Hicho kitendo hatuna, Bwana," Sila akasema, akijinyoosha vidole. "Hatujawahi kukihitaji. Subiri tukitunge."

Madereva wenzake wakaitwa, wakakaa kikao palepale, kila mmoja na pendekezo lake. Kabla ya chakula cha mchana Meneja alikuwa amekifanya mara tatu, maana mbili za kwanza Sila alimwambia mkono umelegea.