Ukuta wa Baba Mkwe

Fundi marumaru alikuwa na msimamo mmoja tu: vipande vikae ukingo kwa ukingo. Kipande kikipanda juu ya mwenzake, huo kwake ni uzembe. Kwa marumaru, msimamo huo ulimpa sifa mtaa mzima. Kwa picha, ulimuumbua.

Siku moja walikuwa wanakunywa chai, yeye na mkewe.

"Baba watoto," mke alisema, "kesho ule ukuta unabomolewa."

Alimaanisha ukuta wa ghala kuukuu, kwenye uchochoro nyuma ya soko. Marehemu baba yake, mchora mabango, aliuchora wote, kona hadi kona. Alimchora kinyozi, mshona viatu, wauza mikate, na watoto wanaogombania mpira. Mjane wake, mama mzazi wa mke, alikuwa amelala chumba cha nyuma, miguu haimbebi tena. Alikuwa ameomba jambo moja: auone tena ule ukuta, wote.

"Kumbeba hatuwezi. Nipigie picha basi."

"Hilo tu? Hesabu kwamba limekwisha," fundi alijibu.

Kumbe! Uchochoro wenyewe ni mwembamba. Ukirudi nyuma kidogo, mgongo unagonga nyumba ya pili. Ukuta mzima hauenei katika picha moja. Fundi akaamua kupiga kipande kimoja kimoja. Kila picha ilipoishia, alichora mstari wa chaki ukutani, na picha iliyofuata aliianzia pale pale. Mahali penye taka alipiga akiwa pembeni. Alirudi anapiga mluzi.

Jirani yao alikuwa na studio ya picha. Wengi walimwita Bi Kamera. Aliziweka picha zile kwenye kompyuta, kisha akacheka.

"Shemeji, kinyozi umemkata mkono!"

"Mimi? Nimepima kwa chaki!"

"Ndiyo kosa lenyewe. Hizi si marumaru. Njoo uone."

Bi Kamera alipiga picha ya mlango wake akiwa mbele yake, kisha nyingine akiwa pembeni.

"Tazama fremu. Katika picha hii ya pembeni, upande wa mbali unaonekana mfupi kuliko wa karibu. Mlango ni ule ule, ila pa kusimama nimebadilisha. Kompyuta huzivuta pembe za picha mpaka fremu inyooke."

"Inajuaje ivute wapi?"

"Inatafuta vitu vinavyoonekana katika picha zote mbili. Ufa, msumari, jicho la kinyozi. Inavuta mpaka jicho likae juu ya jicho, na msumari juu ya msumari. Wewe umeipa kingo tupu. Itashika nini?"

Fundi alijikuna kichwa. "Kwa hiyo zipandane?"

"Zipandane! Theluthi ya kila picha irudiwe katika inayofuata. Na usikuze wala kupunguza picha kwa lenzi katikati ya kazi. Ukuta huu ni bapa, kwa hiyo unaweza kutembea sambamba nao. Ungekuwa unapiga mandhari ya milima, ningekwambia usimame mahali pamoja, ugeuke tu."

"Na mimi nawafukuza vibarua kwa kosa hilo hilo!"

"Leo jifukuze mwenyewe. Kimbia, jua linaondoka."

Alikimbia. Alikuta wajenzi wameshaanza kuezua paa, vumbi linamwagika. Akishindwa leo, atamwambia nini mama mkwe?

"Toka hapo, mzee!" msimamizi alipiga kelele.

"Kaka, nakuomba kidogo tu. Hii ni kazi ya mkono wa marehemu baba mkwe wangu."

Msimamizi alimtazama, akawaashiria watu wake wangoje. Fundi alipiga picha, akasogea kidogo, akapiga tena. Kila mara alihakikisha kipande cha picha iliyopita kimeingia katika picha mpya. Ilimkera, lakini alifanya.

Bi Kamera alipoziunganisha, picha zilipandana, nyingine zimevutwa pembe mpaka zikakaa mshazari. Kingo za nje zilikuwa zimechanika ovyo. Akazikata zikanyooka, akasawazisha rangi, akachapa karatasi moja ndefu. Kinyozi alikuwa na mikono yote miwili.

Siku ya pili ukuta ulianguka. Siku hiyo hiyo picha ilibandikwa mbele ya kitanda cha mama mkwe. Aliitazama kona hadi kona, akarudia tena, mpaka binti yake akaingiwa na hofu.

"Mama, hukuipenda?"

"Nimeipenda mno." Akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, ule uchochoro umeuona. Mume wangu alichora pua ikiwa karibu kugusa ukuta. Hapakuwa na mahali pa kusimama auone wote. Amekufa hajaiona kazi yake nzima."

Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya shuka, kisha akawapungia mkono.

"Haya, tokeni mbele, mnanizibia. Leo natazama kwa niaba ya wawili."