Kikombe Kilichoinamishwa

Mapenzi ya watu wa mtaa wetu wa Jabe nayajua yote, hakuna hata penzi moja linalonipita. Isipokuwa yangu mwenyewe. Hayo nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Basi mimi niacheni, tumfuate Mohamadi.

Mohamadi ni fundi wa pikipiki. Jumamosi moja aliingia soko la Jabe, watu wamebanana, akakanyaga kanga iliyotandikiwa bidhaa za muuza vyombo. Muuzaji aliitwa Houda: mrefu, kitambaa cha njano kichwani, ulimi kama wembe mpya.

"We kaka, macho uko nayo, ao umeyaacha garaji?"

"Macho niko nayo. Ni miguu imekuona, ikasahau kazi."

"Basi iambie isitoke hapa mikono mitupu."

Alitoka na termosi mbili za chai, na nyumbani anaishi peke yake. Jumamosi iliyofuata akanunua ya tatu. Ramadhani ilipofika, walikuwa wanaitana "roho yangu" kwenye simu mpaka betri inalia.

Mohamadi akamleta shangazi yake aliyemlea, Adija wa mtaa wa Gihosha, waende kumposa Houda. Sasa, kwa akina Houda posa hujibiwa mezani, na binti ndiye anayepanga meza. Alitandika kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, akaweka termosi ya chai ya tangawizi na ya kahawa, sukari, sambusa zimefunikwa, na vikombe vimeinamishwa juu ya visahani. Mgeni akikisimamisha chake kikamiminiwa, ameipenda nyumba. Akikirudisha kifudifudi kikiwa kikavu, ameikataa. Mohamadi hakulijua hilo. Gihosha kikombe ni kikombe tu.

Alikisimamisha chake, akaona ufa kutoka mdomoni mpaka kitakoni. Shangazi Adija ana macho ya kukagua vyombo vya watu. Haraka haraka, kumstahi Houda, akakiinamisha tena.

Houda alikuwa amesimama na termosi mkononi. Wajomba zake, waliokuja kusikiliza posa, wakakitazama kikombe. Houda akabeba termosi zote, akabeba sambusa, akasema, "Chai imekwisha," na pazia likaanguka nyuma yake.

Jioni Mohamadi akapiga simu.

"Houda, roho yangu..."

"Roho yako iko Gihosha. Ipigie huko."

"Lakini nimekosa nini?"

"Ati nini. Unakuja kwa mama yangu na kanzu ya kupigwa pasi, unainamisha kikombe mbele ya wajomba zangu kama mutu amenusa uvundo, halafu unaniuliza mi."

"Kilikuwa na ufa, wallahi. Nilikificha ili tantine Adija asikione."

"Ufa? Vikombe nimeviosha na mikono yangu, kimoja kimoja. Kunikataa hakukutosha, sasa unanitukania na vyombo."

Akakata. Mohamadi akapiga tena, na tena. Mara ya mwisho Houda akapokea, sauti baridi.

"Usijisumbue. Alhamisi wanakuja watu wa Tajudini, muuza vitambaa wa Rohero. Yeye akipewa kikombe atakunywa."

Hasira zikampanda Mohamadi. Alikaza nati ya mteja mpaka ikakatika, akamfokea mteja kwa nini nati yake ni laini. Alhamisi akafunga garaji, akaenda na ovaroli lake lenye mafuta, hata uso hakunawa.

Akamkuta Houda sebuleni, gauni la kijani, hina mikononi, meza imetandikwa upya.

"Iko wapi huyo Tajudini?"

"Yuko njiani. We toka, utanichafulia kitambaa."

"Sitoki. Nataka nimuone anakunywa."

"Utamuona. Yeye ana adabu, hahesabu nyufa za watu."

"Ananishinda nini?"

"Kiu."

Hapo Mohamadi akavuta kiti cha wageni, akaketi. Akachukua kikombe, akakisimamisha mbele yake kwa kishindo.

"Mimina."

"Hii si chai yako."

"Mimina, Houda, ao nitanywea kwenye termosi. Kukataa nitakataa mi mwenyewe, si kikombe kinisemee. Mi nakutaka. Nilikutaka siku ile, na nakutaka leo na hasira zako zote."

Houda akamimina. Macho yanawaka, akamimina mpaka chai ikajaa kisahani na kumfikia Mohamadi vidoleni. Mohamadi akanywa yote bila kupumua. Machozi yakamtoka.

"Ni moto?"

"Apana."

Houda akauma mdomo asicheke. Alikuwa bado hajamaliza kukasirika. "Sasa umekunywa. Nenda, watu wa Tajudini wasikukute."

Pazia likafunguka. Mama yake Houda akaingia kutoka uani, simu ya binti yake sikioni.

"Houda, ni tantine Adija wa Gihosha. Anasema ameshapanda teksi, lakini amesahau: ulimwambia aje saa kumi, ao kumi na moja? Na kile kikombe cha ufa ulichokuja kukiona baadaye, anasema usimuombe tena pardon, hata kwake vya ufa viko." Akamwona Mohamadi. "Ah, mwanangu, na we umefika."

Mohamadi akamgeukia Houda. Houda akaanza kunyoosha kitambaa cha meza, na kilikuwa kimenyooka.

"Na Tajudini?" Mohamadi akauliza.

Mama akaondoa simu sikioni. "Tajudini gani?"