Neno la Aliyechota Maji

Kila asubuhi, kabla ya masomo, Alima alishuka ziwani na bidoni mbili za manjano za kuchotea maji. Mtaani kwao Keshero bomba lilikuwa likikohoa tu: lilitoa upepo, likatoa kutu, likanyamaza. Kwa hiyo watu walichota ziwani, na pale ufukweni, nyuma ya meza ya mbao, alisimama Papa Donat na chupa yake ya klorini. Alivuta dawa hiyo ya maji kwa sindano, kidogo kidogo, akaitia katika kila bidoni, akasema maneno yale yale: "Ungojee nusu saa mbele ya kunywa. Mwingine!" Hakulipisha mtu. Alichotaka ni mstari tu, na mstari ule ulikuwa mrefu kuliko hotuba za harusi.

Alima alikuwa na miaka kumi na miwili. Mdogo wake Jafari, wa miaka minne, alimfuata kila mahali kama mkia, ila ziwani. Mama yao, Mama Fatuma, alikataza.

Jumatatu ya wiki ile alifika tonton Djibril, mdogo wa mama, dereva wa lori. Alikuja kupumzika siku tatu. Akatoa mfukoni mashine ndogo ya michezo, ya kushika mkononi, yenye kioo katikati na vitufe pande zote mbili.

"Angalia, Alima. Huu muchezo tulicheza zamani, watoto kumi na tano mbele ya televisheni moja ya jirani. Mwenye televisheni anatufukuza kwa mulango, tunarudi kwa dirisha. Sasa wameutengeneza upya."

Katika mchezo, msichana mwenye taa alishuka mapangoni chini ya mlima wa moto, akimtafuta baba yake. Zamani, alisema Djibril, msichana yule alikuwa vidoti saba tu, na taa yake kidoti kimoja. Sasa nywele zilipepea na kuta zilidondosha matone. Lakini njia zilikuwa zile zile. Djibril alifumba macho akaelekeza kwa kumbukumbu: "Kushoto. Ruka! Usiguse ule popo, ni mubaya tangu zamani!" Alima alicheka mpaka machozi.

"Nyuma ya maporomoko ya tatu kuna mulango," tonton alisema. "Sisi wote kumi na tano ulitushinda. Labda wewe. Lakini Alhamisi asubuhi naondoka nayo."

Jumatano Alima aliificha mashine ndani ya kitenge, akashuka nayo ziwani. Alichota, akapanga bidoni zake kwenye mstari, akakaa juu ya jiwe jeusi. Maporomoko ya kwanza yakapita. Ya pili yakapita.

"Alima, songa basi!" alipiga kelele Lionel, jirani yao wa mtaani. "Ao bidoni zako zitatembea zenyewe?"

"Pita, pita, nakuja."

Lionel akapita. Msichana mwingine naye akapita, pamoja na dada zake wawili. Msichana mwenye taa aliingia chini ya maporomoko ya tatu, akasukuma jiwe, akavuta mnyororo, na mlango ukafunguka! Ndani palikuwa na bustani nzima inayong'aa. Alima aliruka kwa furaha pale juu ya jiwe.

Alipoinua kichwa, hapakuwa na mstari. Papa Donat alikuwa akifuta meza.

"Dawa imeisha, mama," alimwambia kwa upole. "Rudi mangaribi, nitaleta ingine."

Alima aliyatazama maji yake. Yalikuwa meupe, yametulia. Akajitwika bidoni moja, akashika nyingine, akapanda.

"Wametia dawa?" Mama Fatuma aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mama alimimina bidoni moja katika ndoo ya nyumbani. Ya pili akampelekea Mama Louise, jirani kutoka milima ya Masisi, aliyejifungua wiki mbili zilizopita na hakuweza kushuka ziwani. Mama Louise bado alikuwa na maji ya jana, kwa hiyo aliiweka bidoni ile kando.

Alhamisi tonton aliondoka na mashine yake. Alima aliporudi kutoka masomoni, alimkuta Jafari amelala sakafuni, macho yameingia ndani. Tumbo lilimwendesha maji matupu, kama maji ya kuoshea mchele. Mama alimfunga mgongoni, akapanda pikipiki kumpeleka kwenye kituo cha wagonjwa. "Enda kwa Mama Louise!" ndilo neno pekee alilosema.

Alima akaenda, akakaa kwa Mama Louise. Alima pia alikuwa amekunywa maji yale ya Jumatano, na tumbo lake limenyamaza tu. Hilo lilimuuma zaidi. Mtoto mchanga alinyonya, akalala. Mama Louise akainamisha ile bidoni, akajaza kikombe.

"Kunyonyesha kunakausha koo, weye!" alisema, akakiinua.

Alima angeweza kusema mdudu ameanguka ndani. Uongo ule ulikuwa tayari mdomoni.

"Mama Louise, usikunywe! Hayana dawa. Nilicheza, dawa ikaisha. Nilimudanganya mama."

Mama Louise hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini polepole, akamtazama mtoto wake kitandani.

"Na yale ya kwenu?"

"Ni ya safari moja na haya."

"Basi simama. Twende kituoni, kwa mama yako," alisema, akimbeba mtoto.

Kituo cha wagonjwa wa kipindupindu kilikuwa na uzio. Muuguzi Léonie alinyunyizia dawa nyayo za Alima, akamwita Mama Fatuma. Alima alisema yote, akitazama viatu vyake.

"Niliapa," alisema Mama Fatuma. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wameniuliza juu ya maji ya nyumbani, nikaapa kama iko na dawa. Nimeapa juu ya neno lako."

Léonie alituma mtu aende kumwaga maji yale na kuosha ndoo na bidoni kwa klorini. Kisha akarudi ndani, kwa Jafari.

Ijumaa Jafari hakumtambua mtu. Mvua ilinyesha kutwa, na Alima hakula. Jumamosi mtoto alilia kidogo, na Mama Louise akasema kulia ni habari njema. Jumapili Alima aliruhusiwa kuingia.

Mama alikuwa amekonda. Alimweka Alima karibu yake.

"Sikukatazi kucheza," alisema. "Tonton akirudi, utacheza. Ungeniambia, 'Mama, nilicheza, dawa ikaisha,' ningekufokea kidogo, kisha tungechemusha maji, imeisha. Lakini maji yenye dawa na maji isiyo na dawa ni rangi moja, mutoto wangu. Macho haioni. Kwa hiyo tunamuangalia mwenye kuchota, na tunakunywa neno lake. Neno likiwa chafu, nyumba nzima inagonjwa."

Léonie alimpa Alima kikombe cha maji ya chumvi na sukari ampelekee mdogo wake. Alitamani Jafari aulize ni maji gani, yametoka wapi, nani ameyatia nini.

Jafari hakuuliza. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akamtazama dada yake, akanywa yote.