Alama Kwenye Kalenda

Kila jioni nilikuwa na kazi moja niliyoichukia: kumpa Mama kidonge chake, kisha kutia alama kwenye kalenda ya chama cha maziwa iliyotundikwa jikoni. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, na kidonge hicho alipaswa kukimeza kila siku kwa miaka mitano. Miaka mitano! Kilimletea joto la ghafla, usahaulifu na hasira za karibu. Nikichelewa kidogo tu, nilifokewa.

Muhula huu nilichaguliwa katika timu ya netiboli, na mazoezi yalikuwa jioni. Nikaanza kutia alama asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilijiambia kwamba Mama ni mtu mzima, atameza mwenyewe.

Jioni moja, nikiwa nimetoka mazoezini, Mama alirudi kutoka dukani kwake Lanet akiwa hoi. "Jelagat, nimemeza dawa?"

"Si uangalie kalenda?" nilijibu kwa ukali.

Aliona alama, akaenda kulala. Alikuwa ameonywa asimeze vidonge viwili kwa siku moja.

Siku ya kliniki nilimsindikiza Mama, na muuguzi, Sista Chepkemboi, alimwaga vidonge mezani akavihesabu. Vilibaki kumi na viwili.

"Mathe, hizi zilifaa kuwa zimeisha jana."

"Mimi nameza kila siku! Kalenda yangu iko na alama zote!"

"Basi hiyo kalenda inadanganya."

Mama alipiga meza, kisha machozi yakamtoka. "Unadhani nataka kufa nimwache huyu mtoto?"

Nilisogea mezani. "Sista, ni mimi. Nilikuwa natia alama kabla hajameza. Jioni niko netiboli."

Mama aligeuza uso dirishani. Heri angenifokea.

"Sikiliza," Sista alisema. "Seli za saratani ya mama yako hukua zikipokea ujumbe wa homoni. Kidonge hiki hukalia pale ujumbe unapopokelewa, ukifika unakosa nafasi. Akikosa dawa mara nyingi, nafasi zinabaki wazi. Kama jioni haiwafai, ameze asubuhi. Mngesema tu!"

Ningesema tu. Nilijichukia njia nzima.

Kesho yake asubuhi, chai ikiwa mezani, nilinyoosha mkono kuchukua kalamu. Mama aliushika.

"Alama haiponyi mtu, Jelagat. Mimi nilikuamini kuliko kichwa changu. Kwanza unione nikimeza, halafu ndiyo uandike ukweli."

Alimeza. Nikaandika.